Kabla ya Jumatano ya Kwanza, Pimeni Upepo

Ndugu zangu wenye vyombo vya moto wa Nachingwea na Ruangwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, nasi macho yetu hukimbilia bei za mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara. Ikipanda tunanung'unika, ikishuka tunanung'unika kwamba imeshuka kiduchu. Nami nimo humo humo. Lakini bei hatuipangi sisi. Tunachopanga ni lita ngapi zitaungua kati ya hapa na Nanganga.

Na huku kwetu hakuna pa kukwepea. Reli ya kwenda bandari ya Mtwara, waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza 1947, ilifungwa mapema miaka ya 1960, na mataruma yakang'olewa. Korosho, ufuta, mbaazi, mgonjwa wa rufaa, hata mashabiki wa Namungo, wote sasa wanategemea tairi.

Basi tuanze na hilo tairi. Likipungua upepo hulalia barabara, injini ikawa kama mtu anayesukuma mkokoteni mchangani. Geji ikisoma 22 badala ya 32 kwenye matairi yote manne, ulaji wa mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 2, na tairi lenyewe huisha pembeni kabla ya siku zake. Kipimo cha gari lako kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa bado la baridi, na usikubali kipimo cha teke.

Vumbi letu jekundu nalo lina hesabu yake. Kwenye bodaboda ya kabureta, ea klina iliyoziba huinyima injini hewa, petroli ikazidi na plagi ikawa nyeusi. Fuso ikizibwa hutoa moshi mweusi ukipanda kilima. Moshi ule ni dizeli uliyoilipia. Magari mapya ya petroli hujirekebisha, ila hupoteza nguvu. Vijana wengine wa bodaboda huamua kuing'oa ea klina kabisa ili pikipiki "ipumue". Jamani, msifanye hivyo! Vumbi likiingia husaga ringi za pistoni, na lita ulizookoa zitakwenda gereji pamoja na nyingine nyingi.

Kuna na hili la kupiga nyutro kwenye mteremko. Tulifundishwa na wakubwa wetu, na kwa magari yao lilikuwa na mantiki kidogo. Gari la siku hizi, ukiliacha kwenye gia na kuinua mguu, kompyuta yake hukata mafuta yenyewe. Ukipiga nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime, nawe umebaki na breki peke yake huku ng'ombe akikatiza mbele yako.

Mwendo sina haja ya kuurefusha. Ukitoka 80 kwenda 100, upepo unaolipinga gari huongezeka kwa zaidi ya nusu, na keria tupu juu ya paa huuongezea kazi. Ishusheni msimu wa mazao ukiisha. Na tunaposubiri mnada wa korosho uanze, tuzime injini. Noah inayounguruma saa nzima na AC yake haiko mbali na lita moja.

Mafundi wetu, ninawaomba muwe na geji inayosema kweli, na bodaboda akija kuomba kupimiwa msimfukuze kwa kuwa hana pancha. Viongozi wa vijiwe, chagueni siku moja kwa wiki ya kupima upepo na kukung'uta ea klina kabla ya kuingia kazini. Nawe msomaji, Jumatano ijayo, kabla hujauliza mafuta yamekuwa shilingi ngapi, zunguka gari lako na upime matairi yote manne. La akiba nalo usilisahau.