Sanduku Dogo kwa Furaha ya Ndani



Juma hili tunaanza kwa kuomba radhi, kisha ndipo tufundishe. Radhi tunayoiomba ni ya jirani, na somo tulilolipata limetoka katika kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na shughuli ya kutia hina katika nyumba moja ya Makadara, upande unaoelekea Mji wa Kale, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na uchochoro hauzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Tulikuwa wanawake watupu, hatupiti thelathini, katika ukumbi mmoja wa ghorofani. Mwenzetu mmoja hupiga taishokoto, chombo alichorithi kwa shangazi yake, na sote tulikuwa tukimngoja yeye. Tukaona, ili shughuli ipendeze, tukodi spika. Zikaletwa mbili, kila moja ikimfika mtu mzima kifuani, zikawekwa pembeni kama walinzi wa mlango.

Usiku ule hatukusikia kitu tulichokikusudia. Maneno ya nyimbo, ambayo ndiyo roho ya taarabu, yalizama ndani ya mngurumo. Taishokoto, yenye sauti tamu ya nyuzi, ilisikika kama kijiko kinachogongwa juu ya bati. Bibi harusi alikuwa akiinamishwa kichwa ili asemezwe sikioni.

Asubuhi alikuja jirani wa ukuta wa pili. Alikataa kiti, akasimama mlangoni.

“Sabalkheri, mama. Sikuja kuteta. Nimekuja kuwajuza tu kwamba mama yangu hakufumba jicho. Tangu alipopata kiharusi hulala kwa tabu, na jana kitanda chake kilikuwa kikitetemeka.”

Hatukuwa na la kujibu ila kuomba msamaha. Lakini neno moja katika maneno yake halikututoka: kitanda kilitetemeka. Sisi hatukusikia maneno ya nyimbo ndani ya ukumbi, naye nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe alitikiswa. Imekuwaje? Tulipouliza mafundi na kulifikiri jambo hilo, jawabu lilitufikisha kwenye kisanduku kidogo cha mbao, nacho ndicho tunachokuletea leo.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Taishokoto ilibuniwa mjini Nagoya, nchini Japani, mwaka 1912, na mwanamuziki Morita Goro. Jina lake limetokana na zama za Taisho, zilizoanza mwaka huohuo. Ni ubao mrefu wenye nyuzi chache za chuma, na juu ya nyuzi zimepangwa vifungo kama vya mashine ya kupiga chapa. Mkono mmoja hubonyeza vifungo, mwingine hukwaruza nyuzi. Nyuzi kadhaa hutiwa sauti moja ili ziimbe pamoja, na kwa kawaida uzi mnene huwekwa oktava moja chini yake. Kutoka Japani chombo hiki kilienea Bara Hindi, ambako huitwa bulbul tarang, na Mabulushi wakakifanya chao kwa jina la benju. Wakazi wa Makadara watatabasamu hapa, kwa kuwa mtaa wetu una Msikiti wa Mabulushi, na wazee wa kaumu hiyo walifika Mombasa wakiwa askari wa masultani wa Omani, zamani kabla chombo hicho hakijazaliwa. Kwetu taishokoto iliingia katika taarabu, ikafungwa sumaku ndogo iliyozungushiwa waya ili sauti yake iende kwenye umeme, na wengi wetu tumeizoea kupitia nyimbo za Bi Zuhura Swaleh.

Sasa tazama tabia ya sauti yake. Uzi mnene hutoa sauti ya wastani wa chini, ambayo kwa kawaida haipungui mitetemo 100 kwa sekunde. Lakini chuma kikikwaruzwa hutoa pia mng’aro wa juu sana, unaopita mitetemo 8,000 kwa sekunde. Ni chombo chembamba cha mwili chenye sauti pana. Spika ya gitaa haikifai, kwa sababu spika nyingi za aina hiyo hufifia baada ya mitetemo 5,000 hivi, na mng’aro wote hupotea. Spika kubwa za kukodi nazo zimeundwa kwa ngoma na gitaa zito la besi. Nguvu yake iko chini, mahali ambapo taishokoto haina neno la kusema.

Na hapo ndipo siri ya kitanda ilipofichuka. Ukuta huzuia sauti nyembamba vyema, lakini sauti nzito hupenya. Kwa hiyo jirani hapati maneno wala utamu wa nyuzi, bali mngurumo peke yake. Tulikodi kwa fedha zetu kitu ambacho sisi hatukukihitaji na yeye hakukiweza. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Tukamwendea seremala wa mtaani pamoja na binti yetu mmoja anayesomea mambo ya umeme. Sanduku walilolitengeneza lina kimo cha sentimita 40, upana 30 na kina 25. Linabebwa kwa mkono mmoja hadi ghorofani. Atakaye kulitengeneza, hizi hapa hatua zake.

Nunua robo ya ubao wa plaiwudi wenye unene wa milimita 18, yaani kipande cha sentimita 122 kwa 61. Kata vipande sita: viwili vya sentimita 40 kwa 30, vya mbele na nyuma, viwili vya 40 kwa 21.4, vya ubavuni. Na viwili vya 26.4 kwa 21.4, vya juu na chini. Vikiungwa, nafasi ya ndani hufika lita 20 hivi, nayo inatosha.

Katika ubao wa mbele toboa matundu mawili. La chini ni la spika ya inchi 8 ya aina inayochukua sauti za chini na za kati hadi juu. La juu ni la spika ndogo ya sauti nyembamba, ile ambayo mafundi huiita twita. Usikate kwa kukisia: ipime spika yako mkononi kwanza, maana tundu likizidi halirudishiki.

Unganisha vipande kwa gundi ya mbao na skrubu, kisha ziba kila mwanya kwa gundi hiyohiyo. Hapa usifanye haraka. Spika inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati uleule. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kutoka, hukutana na ya mbele na zikafutana, na sauti ya uzi mnene ikawa nyonge. Sanduku lililozibwa vyema hukifungia nyuma kile cha nyuma, nayo sauti hutoka safi.

Ndani jaza usufi, uleule wa mito na magodoro, lakini usiushindilie. Ulegeze kama unavyolegezwa kabla ya kutiwa mtoni, ufunge katika kitambaa chepesi ili usigande kwenye spika. Kazi yake ni kumeza mwangwi wa ndani ya mbao. Tulijaribu bila usufi, na chombo kikasikika kama kinapigwa ndani ya mtungi.

Kwa upande wa nyaya, chagua spika zote mbili za omu 8. Spika kubwa iunganishwe moja kwa moja. Twita iunganishwe kupitia kapasita moja ya mikrofaradi 4.7, ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Kapasita hiyo ni kama bawabu: huruhusu sauti nyembamba zipite, kuanzia mitetemo 4,000 hivi kwenda juu, na huzizuia nzito zisiiunguze twita. Bila ya bawabu huyo, twita haimalizi shughuli moja.

Mwisho, funika uso wa sanduku kwa kitambaa. Wengi watakimbilia leso nzuri ya Biashara Street, lakini pamba nzito huziba mng’aro. Kijaribu kitambaa kwa pumzi: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila taabu, na sauti itapita.

Msomaji atauliza: je, kisanduku hiki kitatosha? Spika nyingi za inchi 8, zikipewa wati moja tu, hutoa karibu desibeli 90 kwa umbali wa mita moja. Huo si mnong’ono. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa masikio kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma, na kila sauti inavyozidi hapo, muda wa usalama hupungua upesi. Basi kikuza sauti chenye wati 30 kinapita haja ya ukumbi wowote wa Makadara, na kitufe chake hakina sababu ya kufika nusu. Tena tujue kwamba kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Anayekodi wati elfu kwa wageni thelathini hanunui utamu.

Namna ya kukiweka nayo ina adabu yake. Kiinue juu ya stuli, usawa wa masikio ya waliokaa, kwa kuwa sauti nyembamba huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kielekeze ndani ya ukumbi, kamwe si dirishani. Usikiegemeze kwenye ukuta wa jirani. Kiweke ukuta wa upande wa ngazi au wa uwani kwako, na chini yake kunja busati. Mwimbaji aimbe kwa sauti yake mwenyewe bila ya kipaza sauti, na mpigaji ajishushe mpaka maneno yasikike. Hapo ndipo kipimo kilipo: ukisikia kila neno la shairi, taishokoto iko mahali pake. Na tahadhari moja kwa kina mama: mkono wenye hina mbichi usiguse waya wala swichi, na watoto wawekwe mbali. Umeme wa volti 240 haujui sherehe.

Kuhusu saa, kanuni za kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009 zimeweka kiwango cha nje katika makazi kuwa desibeli 50 mchana, na usiku, kuanzia saa mbili, kiwango hushuka hadi 35. Sanduku dogo halimpi mtu ruhusa ya kuvuka kiwango hicho. Nasi tumeona ni afadhali shughuli ianze baada ya Alasiri, inyamaze kwa Magharibi, na imalizike kabla ya Isha. Wageni wetu hawakulalamika. Wenye watoto wadogo walishukuru.

Tunajua kwamba wanazuoni wetu wamekhitilafiana kuhusu ala za muziki, na wapo wasomaji wasioruhusu nyumbani mwao ila dufu. Safu hii haikuja kutoa fatwa, na kila nyumba ina mashekhe wake wa kuwauliza. Lakini katika haki ya jirani hatujui khitilafu, wala hatujui nyumba isiyohitaji wasia wa Luqman kwa mwanawe kuhusu kushusha sauti. Mwenye dufu na kipaza sauti naye yumo katika maneno haya. Na lipo jambo la stara pia: sherehe ya wanawake tumeifungia milango, tumekataza kamera, tumeshusha mapazia, inakuwaje basi sauti za mabinti zetu tuzimwage barabarani kwa wapita njia?

Miezi michache baadaye tulikuwa na shughuli nyingine katika nyumba ileile. Safari hii tulianza kwa kubisha hodi kwa jirani, tukamweleza siku na saa, tukamwomba akiona taabu yoyote amtume mtoto, nasi tutazima papo hapo. Tukaweka sanduku letu juu ya stuli. Mwenzetu akakwaruza nyuzi, na kwa mara ya kwanza tukaisikia taishokoto ya shangazi yake kama ilivyo, tangu uzi mnene hadi ule mng’aro wa juu. Bibi harusi alicheka mahali pa kuchekea na akainamisha uso mahali pa haya, kwa sababu alikuwa akiyasikia maneno.

Kabla ya Magharibi mtoto alibisha mlango. Mioyo ikatudunda, na mkono wa binti yetu ukakimbilia swichi. Mtoto akasema, “Bibi anauliza, mbona hamjaanza? Alitaka asikie kidogo.”

Tukamfungulia jirani dirisha moja, lile la upande wake, kwa wimbo mmoja. Kisha tukalifunga.

Wabillahi tawfiq.