UDAKU UNA MNUNUZI



Ndugu yangu msomaji, nikitaja magazeti ya udaku najua unafikiria yale ya mtaani kwetu. Leo twende Uingereza. Huko udaku ni biashara kubwa tangu zamani. Gazeti la News of the World lilianza mwaka 1843, na kufikia 1950 lilikuwa likiuza nakala zaidi ya milioni 8 kila Jumapili. Milioni 8! Na watu walikuwa wakinunua nini? Kesi za talaka, uzinzi, mauaji, na aibu za watu wenye heshima zao.

Usiharakishe kuwadharau waandishi wake, wana ufundi. Kichwa cha habari ni maneno mawili matatu, herufi zimejaa nusu ukurasa, mara nyingi kuna mchezo wa maneno wa kuchekesha. Sentensi fupi. Mtu ametoka kazini amechoka, analisoma ndani ya basi na kulimaliza kabla hajashuka. (Sisi wahadhiri tunaozungumza saa mbili na watu wakaondoka hawajui tumesema nini, hapo tungejifunza kitu.) Ndani kuna mpira, kuna mbio za farasi, na siku nyingine wanafichua uovu wa kweli wa wakubwa.

Balaa huanza pale utamu unapoutangulia ukweli.

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa katika msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Waliokufa kwa mkasa ule ni 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun likaandika ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kabisa, kwamba huu ndio UKWELI: eti mashabiki waliwaibia majeruhi na maiti, eti waliwakojolea polisi. Ulikuwa uongo. Fikiria wewe ndiye mama, umetoka kumzika mwanao, unakuta hayo kwenye meza ya muuza magazeti. Baraza la mahakama lilikuja kutamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa mwaka 2016. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Utasema, waandishi hao hawana haya. Sawa. Lakini nani aliwalisha? Sisi tumefundishwa tangu madrasa kwamba anayemtegea sikio msengenyaji ni mshirika wake. Basi na anayetoa sarafu je? Na wewe unayefungua picha ya aibu ya mtu usiku, ukaipeleka kwenye kundi la familia na kuandika "jamani mmeona haya?"

Mwaka 2011 ilibainika kwamba News of the World liliingilia ujumbe wa sauti katika simu ya binti aliyetoweka, ambaye alikuja kukutwa ameuawa. Nchi nzima ikakasirika, gazeti likafungwa Julai mwaka huohuo. Unajua toleo la mwisho lilikuwaje? Liliuza zaidi ya kawaida yake. Watu walewale waliokasirika walikwenda kulinunua.

Watu wa Liverpool wao hawakufanya hivyo. Waliacha kulinunua The Sun mwaka ule wa 1989, wakawafundisha na watoto wao. Gazeti limeomba radhi zaidi ya mara moja. Hadi leo maduka mengi mjini humo hayaliweki mezani.