Kiingereza nacho kilikuwa lugha ya sokoni

Wafanyabiashara wa London walikuwa ndani ya chombo katika mto Thames, safari yao ni Zeeland, ng'ambo ya bahari, sehemu ambayo leo ni Uholanzi. Upepo ukakata. Walipoona chombo hakiendi, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao, muuza vitambaa aliyeitwa Sheffield, akabisha hodi kwenye nyumba moja na kuomba chochote cha kula, hasa mayai. Kwa mayai alitumia neno "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu kuwa yeye hajui Kifaransa. Sheffield akapandwa na hasira, kwani Kifaransa hata yeye hakukijua. Alichokuwa akisema ni Kiingereza cha kwao. Ikabidi mwenzake aingilie kati na kuomba "eyren", ndipo yule mama akasema sasa ameelewa.

Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1490 na William Caxton, mtu wa kwanza kuleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza. Waingereza wawili, kando ya mto mmoja, walishindwa kuuziana mayai kwa lugha ambayo leo ndiyo iliyojaa kwenye fomu za forodha pale Namanga, Busia na Mutukula, na ambayo mama mwenye magunia matatu ya maharage hutakiwa kuitilia saini hata kama hakusoma mstari mmoja.

Mjadala wa lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unapoibuka, kuna hoja ambayo haikosi kusikika. Kiswahili ni kizuri kwa kupatana bei, husemwa, lakini sheria, mikataba na nyaraka za kodi zinataka lugha iliyokomaa, lugha yenye fasihi na historia ya kuandikwa. Wanaosema hivyo ni wasomi, na baadhi yao walipita katika madarasa ya fasihi ya Kiingereza. Ajabu ni kwamba fasihi hiyohiyo, ikisomwa kuanzia mwanzo wake, ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yao.

Mwanzo wake ni kwa Waanglo-Saksoni, kabla ya mwaka 1066. Shairi lao maarufu kuliko yote, Beowulf, lina mistari 3,182 na limebaki katika nakala moja tu ya mkono, iliyonusurika moto mwaka 1731 kingo zake zikiwa zimeungua. Mashujaa wake si Waingereza. Ni habari za mtu wa kusini mwa Sweden anayevuka bahari kwenda kumsaidia mfalme wa Denmark. Hakuna tukio hata moja linalofanyika katika ardhi ya Uingereza.

Lakini kwa mtu wa biashara, yaliyo matamu zaidi ni maandishi ya kawaida ya zama hizo. Mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899, alilalamika kwamba katika nchi yake walibaki watu wachache mno wanaoweza kufasiri barua ya Kilatini. Akaamua vitabu vya lazima vifasiriwe katika lugha ya watu wake. Ndani ya kimoja cha vitabu hivyo, kitabu cha historia na jiografia, paliingizwa maelezo ya msafiri wa Norway aliyeitwa Ohthere, ambaye alifika kwa mfalme akiwa na zawadi ya meno ya mnyama wa baharini, bidhaa ghali kama pembe za ndovu. Ohthere anaeleza njia za bahari, majina ya bandari na siku za safari. Anaeleza hata kodi aliyotozwa mtu mwenye cheo kule kaskazini: ngozi 15 za wanyama wadogo wenye manyoya, ngozi ya dubu, kamba mbili za meli na vinginevyo. Huo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya nathari ya Kiingereza, na ndani yake mna orodha ya kodi.

Miaka mia moja hivi baadaye mtawa Ælfric alitunga mazungumzo ya kuwafundisha vijana Kilatini, na mtu mwingine akaandika maneno ya Kiingereza juu ya mistari. Mle ndani anahojiwa mfanyabiashara. Anasema hupakia mali yake melini, huvuka bahari, huuza, kisha hununua vitu visivyopatikana nyumbani: hariri, vito, dhahabu, viungo, mvinyo, mafuta, pembe, bati. Wakati mwingine meli huvunjika na mali yote hupotea, yeye akaponea chupuchupu. Anaulizwa kama huuza kwa bei ileile aliyonunulia. Anashangaa swali lenyewe. Akifanya hivyo, jasho lake litamfaa nini? Lazima auze kwa bei ya juu zaidi ili amlishe mkewe na mwanawe. Swali hilohilo huulizwa na maofisa mpakani mpaka leo, na jibu halijabadilika.

Zama hizo hazikumdharau mtu huyo. Waraka mmoja wa kisheria wa mwanzoni mwa karne ya 11 unasema mfanyabiashara aliyevuka bahari kuu mara tatu kwa gharama zake mwenyewe alistahili haki za mtu wa tabaka la waungwana. Safari tatu tu. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba ambao kwa kanuni hiyo wangekuwa waungwana mara kumi.

Kisha wakaja Wanormani mwaka 1066 na kila kitu kikapinduka. Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na waungwana, Kilatini lugha ya kanisa na kumbukumbu za serikali, na Kiingereza kikashuka mpaka shambani, jikoni na sokoni. Hakikufa, watu waliendelea kutunga kwa Kiingereza hapa na pale. Lakini kwa takriban miaka 300, mtu aliyetaka haki mahakamani England alisimama kusikiliza kesi yake ikisemwa kwa lugha ya wengine. Kama palikuwa na wasomi wa kueleza kwa nini Kiingereza hakifai kwa sheria, hoja yao ingeeleweka vizuri Arusha leo.

Waliokirudisha Kiingereza mezani, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa mji na wa bandari. Mwaka 1356 mji wa London uliagiza kesi katika baadhi ya mahakama zake ziendeshwe kwa Kiingereza. Miaka sita baadaye, mwaka 1362, Bunge likapitisha sheria kwamba mashauri yote mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa kinachosemwa kwa niaba yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Na kumbukumbu za kesi, sheria ikasema, ziendelee kuandikwa kwa Kilatini.

Miaka kumi na miwili baada ya sheria hiyo, mwaka 1374, ofisi ya forodha ya bandari ya London ilipata mkaguzi mpya. Jina lake Geoffrey Chaucer, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo. Kazi yake ilikuwa kusimamia hesabu za ushuru wa sufu, ngozi za kondoo na ngozi zilizochakatwa. Sufu wakati ule ndiyo iliyokuwa uchumi wa England, na ushuru wake ndio uliolipia vita vya mfalme. Wakusanyaji wa ushuru walikuwa matajiri wakubwa wa London, walewale waliomkopesha mfalme fedha. Chaucer aliwekwa kushika daftari la pili la kulinganishia na lao, na masharti ya ajira yalimtaka aliandike kwa mkono wake mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuona daftari la wakala likigongana na la afisa anajua kazi hiyo ilivyo.

Aliifanya kwa miaka 12. Aliishi chumba cha juu ya lango la mji la Aldgate, mahali ambapo mikokoteni na watu walipita chini yake asubuhi mpaka jioni. Katika shairi lake moja anajichekesha mwenyewe kupitia ndege anayemkemea: akimaliza hesabu zake hutoka kazini, huenda nyumbani na kuketi mbele ya kitabu kingine akiwa bubu kama jiwe. Mchana tarakimu, usiku mashairi. Kifaransa alikijua vizuri, Kiitaliano alikipata, kwani alitumwa Genoa na Florence kwa shughuli za mfalme. Angeweza kuandika kwa lugha ya wakubwa. Alichagua ile ya watu waliopita chini ya dirisha lake.

Ndiyo maana Hadithi za Canterbury, alizoanza kuzitunga mwishoni mwa miaka ya 1380, zinanukia gati. Kuna mfanyabiashara mwenye kofia ya kigeni, hodari wa kubadilisha fedha, anayezungumzia faida kila wakati ili mtu yeyote asijue kwamba anadaiwa. Shida yake kubwa ni usalama wa bahari kati ya Middelburg na Orwell, njia ya sufu. Kuna baharia anayechota mvinyo wa Bordeaux kutoka kwenye mzigo wakati mwenye mali amelala. Kuna kisa cha tajiri wa Saint-Denis anayesafiri kwenda Bruges kununua bidhaa, na faranga 100 zinazozunguka kati ya mkewe, rafiki yake mtawa na yeye mwenyewe mpaka inakuwa vigumu kusema nani aliyeibiwa. Mtu aliyewahi kukopeshana mpakani bila maandishi atacheka kicheko cha uchungu.

Mwenzake wa zama hizo, William Langland, hakuwa na huruma kama yake. Katika shairi lake la Piers mkulima, Tamaa anakuja kuungama. Anakiri alijifunza kudanganya kwenye mizani katika magulio ya Winchester na kwingineko; alifundishwa na wauza nguo kuuvuta mtambaa kwa sindano kubwa mpaka yadi kumi au kumi na mbili zikawa kumi na tatu; mkewe aliwalipa wasokotaji sufu kwa ratili iliyokuwa na robo zaidi ya mizani ya haki. Mkulima wa viazi wa Njombe au Nyandarua hahitaji kuelezwa zaidi. Kwake hiyo inaitwa lumbesa.

Kwa hiyo ule usemi kwamba Kiingereza kilipewa heshima na fasihi yake, kisha biashara ikafuata, umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Biashara ilitangulia. Mwaka 1422 chama cha watengeneza bia wa London kiliamua kumbukumbu zake ziandikwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotolewa haikuwa uzalendo: wanachama wengi walijua kusoma Kiingereza, lakini Kilatini na Kifaransa hawakuvielewa kabisa. Caxton naye hakuwa mwanazuoni. Alikuwa mwanagenzi wa muuza vitambaa, akafanya biashara Bruges kwa miaka mingi mpaka akawa kiongozi wa wafanyabiashara wa Kiingereza pale. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kiingereza alikichapia ng'ambo, na mtambo wake aliufungua Westminster mwaka 1476. Kazi ya Chaucer ilikuwa miongoni mwa vitabu vyake vikubwa vya mwanzo, kwa sababu alijua itauzika.

Hapo ndipo kisa cha mayai kinaporudi. Hoja ya pili dhidi ya Kiswahili ni kwamba kila nchi ina chake. Ni kweli. Kisamvu cha Kigoma ni sombe kikifika Uvira, na matatu ya Nairobi ni daladala Dar es Salaam. Caxton alilalamikia jambo hilohilo: mtu aandike egges au eyren, nani atamridhisha nani? Hakungoja jibu. Alichagua Kiingereza cha katikati, si cha wakulima sana wala cha wasomi sana, akaendelea kuchapa. Miaka mingi baadaye neno la kaskazini, lililoletwa na Waviking kwa mashua, ndilo lililoshinda.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni ile sheria ya 1362. Ilikuwa na nia njema na ilipitishwa na Bunge, lakini mawakili waliendelea na Kifaransa chao cha kisheria kwa vizazi vingi, na Kilatini kiliondoka kwenye kumbukumbu za mahakama za England mwaka 1733 tu. Ni miaka 371. Wanasheria hawakuwa na haraka; lugha ambayo mteja haielewi ina ada yake.

Jumuiya nayo ina maandishi yake. Ibara ya 137 ya Mkataba ilikifanya Kiingereza lugha rasmi na kuahidi kukiendeleza Kiswahili kiwe lugha ya mawasiliano. Februari 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili. Ni maamuzi mazuri, na hotuba zake zilikuwa nzuri. Mama wa maharage bado anamlipa kijana wa nje ya geti amjazie karatasi.

Haihitajiki kufasiri mkataba mzima kwanza. Zipo karatasi chache ambazo mchuuzi hukutana nazo kila safari: cheti cha asili ya bidhaa, ubao wa viwango vya ushuru, na hati anayopewa mzigo wake unapozuiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo ingetangulia, kwa kuwa ndiyo inayomweleza ana siku ngapi za kudai mali yake kabla haijapigwa mnada. Mawaziri wa Jumuiya wanaweza kuiagiza katika kikao kimoja, na vituo vya pamoja vya mpakani tayari vina maofisa wanaokisema Kiswahili kutwa nzima, isipokuwa wanapoandika.