Ukitaka kumjua bosi, tazama alivyojenga

Leo naomba mnivumilie, maana nakuja na mada ya gemu. Najua wapo watakaosema nchi ina mambo mazito, halafu kijana wa Ikola anatuletea habari za pedi na pleisteshen. Someni kwanza hadi mwisho, matusi mtayaleta baadaye.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Sisi wa mwambao tunajua maana yake. Mitumbwi imelala mchangani, vichanja vya dagaa vitupu, mama lishe hana wateja, vijana wamejaa kijiweni hawana pa kwenda. Kwetu Ikola sehemu iliyochangamka ilikuwa moja tu, kibanda cha gemu. Jenereta linanguruma nje, ndani tumebanana kwenye benchi, unatoa mia tano unacheza, ukifungwa unampisha mwenzako. Wengi walikuwa wanacheza mpira. Mimi na jamaa zangu watatu tulikuwa tunawahi asubuhi, kabla foleni ya mpira haijaanza, tunacheza gemu za misheni, zile zenye stelingi na adui.

Kwa miezi ile mitatu nikajifunza kitu kimoja: adui anaweza kukudanganya kwa maneno, lakini nyumba yake haikudanganyi. Wanaotengeneza gemu wanajiuliza kwanza huyu adui ni mtu wa namna gani. Ni mwoga? Ana majivuno? Anadharau watu? Wakishajibu ndiyo wanachora: mlango ukae wapi, ngazi zipande vipi, mlinzi asimame kona gani, taa iwake wapi. Wewe unatembea humo ndani nusu saa nzima, na ukimfikia bosi mwenyewe unakuwa umeshamjua kabla hajafungua mdomo.

Chukua San Andreas, ile GTA ya mwaka 2004 ambayo kila kibanda cha gemu nchi hii kimewahi kuwa nayo. Big Smoke ni rafiki wa CJ tangu utotoni. Mcheshi, anakula kupita kiasi, anaongea kama mchungaji. Kila siku wimbo wake ni udugu wa Grove Street. Sasa hebu jiulize, anakaa wapi? Hakai Grove Street. Amehamia Idlewood, na Idlewood ni eneo la Ballas, mahasimu wao. Ukimuuliza pesa ya nyumba kaitoa wapi, anasema ni urithi wa shangazi. Jamani, sisi tumecheza gemu ile mara ngapi bila kushtuka? Tulikuwa tunamsikiliza mdomo. Ramani ilikuwa imeshatuambia tangu mwanzo kwamba ndugu yetu analala kwa adui.

Halafu njoo misheni ya mwisho. Smoke amejenga jumba lake la dawa za kulevya, na limezibwa kiasi kwamba CJ analazimika kuiba kifaru cha polisi abomoe ukuta ndipo aingie. Mtu aliyejiita wa mtaa amejenga nyumba ambayo mtu wa mtaa haingii. Ndani, ghorofa za chini zimejaa vijana wenye bunduki na mitambo ya kutengenezea dawa. Unapanda, unapanda, unapigana kila ngazi, na juu kabisa unamkuta Smoke amekaa kwenye kochi, amevaa fulana ya kuzuia risasi, anacheza gemu. Peke yake. Yule aliyekuwa hawezi kukaa bila kundi la watu sasa hana hata mtu wa kucheza naye. Hiyo ndiyo tabia yake imechorwa kwa ngazi na kuta. Kadiri alivyopanda ndivyo alivyobaki mwenyewe.

Mfano wa pili unatuuma zaidi sisi Waswahili. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Mimi niliicheza Mpanda nikiwa nasoma, kwa jamaa mwenye PS3. Mji unaitwa Kijuju, ni wa kubuni, wameuweka Afrika Magharibi. Lakini maadui wanaokukimbilia na mapanga wanaongea Kiswahili! Hata jina walilopewa ni Kiswahili chetu, Majini. Siku hiyo tulikuwa na mwenzetu mzaliwa wa Moba, ng'ambo ya ziwa. Akaweka pedi chini, akasema, “Kaka, hawa mbona wanaongea kama watu wa nyumbani?” Tukacheka, halafu kicheko kikaisha.

Gemu hiyo ilipigiwa kelele sana kwa namna ilivyomwonyesha Mwafrika, na kelele zile zilikuwa za haki. Watu wa Kijuju hawana hadithi yao. Wamewekwa pale wapigwe risasi, basi. Lakini fuata ramani uone inasema nini. Unaanzia mtaani, kwenye vumbi na nyama inayonuka. Unapita mgodini, kwenye kinamasi, kwenye visima vya mafuta, unashuka kwenye magofu ya kale. Na chini ya hayo magofu unakuta nini? Maabara. Ukuta msafi, vioo, vyuma vinang'aa, taa hazizimiki. Kampuni ya kigeni imekaa huko chini ikifanyia majaribio watu wa juu, halafu watu wa juu ndio wanaitwa majini. Ukiendelea unafika kwenye meli, na mwisho kabisa unapambana na Wesker, adui mkuu, kwenye volkano. Hesabu mwenyewe: kila hatua inakwenda mbali zaidi na makazi ya watu. Wesker anaamini binadamu wengi hawastahili kuishi, na njia yote ya kumfikia imejengwa na mtu mwenye imani hiyo. Mazungumzo ya gemu yanamlaumu mwanakijiji, ila ramani inamtaja mwenye maabara.

Sasa twende Karema, jirani zetu wa hapa kusini kidogo, maana huko kuna leveli ya kweli kabisa.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliita mkutano Brussels, ikaundwa jumuiya iliyosema inakuja Afrika kwa ajili ya sayansi, kuwapokea wasafiri na kukomesha biashara ya watumwa. Maneno matamu kweli. Mwaka 1879 Kapteni Cambier akaanzisha kituo chao Karema. Kilichosimama pale kilikuwa ngome, yenye kuta nene na mahali pa kusimamisha walinzi wenye bunduki. Mgeni aliyekuja kupima mvua na kuchora ramani anahitaji ngome ya nini? Ukuta ule ulikuwa unasema ukweli miaka mingi kabla dunia haijajua mambo ya mikono iliyokatwa Kongo.

Mwaka 1882 kituo kikapewa afisa aitwaye Émile Storms. Mwaka uliofuata akavuka ziwa akaanzisha kituo kingine Mpala. Desemba 1884 watu wake wakamuua mtemi Lusinga upande ule wa ziwa. Lusinga naye hakuwa malaika, alikuwa anauza watu. Lakini waliokuja kwa jina la sayansi na utu walimkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 Karema wakaachiwa mapadri wa White Fathers, na Leopold akabaki na Kongo yake, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Bosi wa mwisho ambaye hata ukimaliza leveli zote humkuti ndani. Hakuna mtengeneza gemu aliyewahi kubuni adui wa namna hiyo, maana mchezaji atadai arudishiwe hela yake.

Tangu nilipoanza kuangalia mambo hivi, siwezi kuingia ofisi nikaacha kuisoma. Kuna ofisi moja ya umma, siitaji, nilikwenda kufuatilia karatasi. Kabla hujafika mlangoni kuna kamba. Kamba ina mlinzi. Ukipita kamba unaoneshwa dirisha dogo, na hilo dirisha limewekwa chini, usawa wa kiuno. Ili uongee na aliyeko ndani lazima uiname. Mama mmoja mtu mzima, umri wa bibi yangu, aliinama pale dakika kumi akieleza shida yake kwa kijana aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Ukutani kulikuwa na bango limeandikwa habari za huduma bora kwa mteja. Kijana yule huenda hana ubaya wowote, kazi kaikuta na dirisha kalikuta. Ila aliyelichora alijua anataka raia akae vipi mbele ya serikali yake.

Hadi hapo najua mnapiga makofi. Kuwasema wengine ni rahisi. Sasa ngoja niwaletee yale yaliyonifanya niandike.

Tawi letu limeamua kujenga ofisi. Tumechanga, tofali tumefyatua wenyewe, na kwa kuwa mimi najua kuchora kidogo nikapewa kazi ya kusafisha mchoro. Makamanda, niliuangalia ule mchoro nikaona jumba la Smoke. Chumba cha mwenyekiti kiko nyuma kabisa. Ili ukifikie unapita chumba cha katibu, unapita ukorido, na kuna milango mitatu. Ukumbi wa mikutano ni mdogo kuliko ofisi mbili za viongozi zikiunganishwa. Vijana tumewekewa benchi barazani, nje. Akina mama hawamo kabisa kwenye karatasi, nadhani watakuwa jikoni ambako nako hakujachorwa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu nyumbani, jioni. Nikamsalimia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, akanikaribisha kiti. Nikamweleza wasiwasi wangu, gemu sikuzitaja. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema, “Mwanangu, wewe mwaka 2016 ulikuwa mtoto. Mikutano ya hadhara ilipozuiwa tulikuwa tunakutana kwenye nyumba za watu, tunapokezana, simu tunaziacha mbali. Imekuja kuruhusiwa Januari 2023. Leo tuko huru, kesho hujui. Ofisi ya upinzani lazima iwe na mlango wa nyuma.”

Nilinyamaza, maana mzee ana hoja. Waliobeba chama miaka ile saba si watu wa kuwabeza. Mimi nilikuwa naenda shule wakati wao wanaamka usiku kila mbwa akibweka.

Lakini nimelala na hoja yake wiki nzima, na jibu langu ni hili, nalitoa kwa heshima zote. Mlango wa kumtoa mwanachama salama siku ya hatari naukubali, tujenge hata miwili. Ila milango mitatu ya kumchuja mwanachama asimfikie kiongozi wake siku ya kawaida ni kitu kingine kabisa, na askari hazuiwi na ukorido. Hata Smoke ukimuuliza atakwambia ukuta wake ni wa usalama. Mlinzi wa kweli wa kiongozi wa upinzani miaka ile saba alikuwa nani? Ni hao hao watu waliofungua nyumba zao usiku. Leo tunataka kuwajengea benchi la nje?

Mtaniambia hii ni nyumba tu ya vyumba vitatu, siyo Ikulu. Sawa. Lakini tabia ya ukubwa haianzii Ikulu, inaanzia kwenye vyumba vitatu. Kijana akizoea kusubiri barazani kwenye chama chake, siku akipewa cheo atatafuta ukorido wa kuwasubirishia wenzake. Na mwananchi wa Ikola anayetupima kama tunafaa kupewa dola hatasoma ilani yetu kurasa zote. Atapita barabarani, ataangalia mlango uko wapi, ataona nani kakaa ndani na nani kakaa juani. Hapo atakuwa ameshatupigia kura kichwani mwake.

Pendekezo langu nimelichora upya na nitalileta Jumamosi kikaoni. Ukumbi uwe mbele na uwe chumba kikubwa kuliko vyote. Meza ya mwenyekiti iwe humo humo ukumbini, pembeni, anaonekana na kila anayeingia. Chumba cha nyuma kiwe kimoja, cha nyaraka na mazungumzo ya siri, na funguo zake zikae kwa watu wawili, mmoja wao mwanamke. Madirisha yawe usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Benchi la barazani libaki, lakini liwe la wageni wanaopumzika, lisiwe la vijana wanaosubiri kuitwa.

Mzee bado hajakubali. Ameniambia nilete mchoro, wanachama waamue. Hilo peke yake limenipa moyo, maana Smoke asingesema hivyo.

Na ninyi wa matawi mengine, kabla hamjanijibu hapa, nendeni mkatazame ofisi zenu. Hesabuni milango kati ya kiti cha mwanachama na kiti cha kiongozi, halafu mtuambie mmepata mingapi.

Nawasilisha.
Kijana wenu, Ikola.