Kila Kiraka na Kiwe na Daftari Lake

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo Kipawa, Dar es Salaam. Kwa kanuni za usafiri wa anga, fundi abadilipo kipuri cha ndege hana budi kuandika ni kipuri gani na lini amekibadili, kisha atie saini. Programu za kompyuta zinazokokotoa mishahara na kodi nazo hurekebishwa, lakini mara nyingine kumbukumbu yake huwa mstari mmoja tu: kiraka kimewekwa. Kumbukumbu hiyo haitoshi.

Kiraka ni marekebisho yanayotiwa katika programu ili kuondoa kasoro au kuziba mwanya wa wezi. Kiraka kimoja chaweza kugusa mafaili na majedwali mengi. Chukulia mkaguzi wa hesabu aliyepima mwezi Machi sehemu inayokokotoa kodi ya mishahara, akaiona sahihi. Aprili kiraka kikawekwa. Je, ushahidi wa Machi ungali na nguvu? Akipewa orodha ya vilivyobadilika, na sehemu ile haimo wala chochote inachokitegemea, ushahidi wake utasimama. Ikiwamo, itampasa apime upya. Pasipo orodha atabahatisha, na kinachobahatishwa ni fedha ya mwalimu na ya mstaafu.

Faida haiishii kwa mkaguzi. Tarehe 19 Julai 2024, marekebisho yaliyotolewa na kampuni ya CrowdStrike ya Marekani yaliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Kwa kuwa faili lenye kasoro lilitambuliwa, mafundi waliweza kulifuta na kuziinua tena kompyuta hizo.

Wako watakaosema kuwa mtengenezaji hutoa maelezo ya kiraka chake. Maelezo hayo hutaja kilichokusudiwa; mkaguzi ahitaji kujua kilichotendeka. Njia yake si ngumu: kompyuta hukokotoa alama ya utambulisho ya kila faili kabla ya kiraka na baada yake, na alama zikitofautiana, faili limebadilika. Taarifa hiyo yafaa itolewe na mtu mwingine, si yule aliyeweka kiraka.

Vijana wanaosomea TEHAMA katika kituo cha VETA kilichopo Kipawa, na wenzao wa shule za sekondari, wafundishwe kazi hii sambamba na uandishi wa programu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya programu. Kwa hiyo programu nayo yahitaji daftari lake.