Acheni kuuliza mbona babu zetu hawakupigana

Kuna vidio nilitengeneza nikiwa nimetoka tu chuo bila digrii, sina pesa, niko na simu na mdomo. Nilisimama kando ya barabara hapa Kericho, chai nyuma yangu mpaka macho yanachoka, nikasema: "Babu zetu walipeana hii ardhi kwa blanketi na sukari. Walilala." Watu walicheka sana. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa vile.

Binamu yangu akamwonyesha Kogo, nyanya yetu. Huyu ni mama amechuna chai ya wenyewe karibu maisha yake yote. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Nani alikuambia walilala?" Sikuwa na jibu. Nilienda kusoma, na sasa najua niliwadanganya.

Juni 1905 Waingereza walituma jeshi Sotik, leo iko Bomet. Kisa? Wakipsigis walikuwa wamechukua mifugo ya Wamaasai, wakaamriwa warudishe, wakakataa. Jeshi lilikuja na bunduki za Maxim dhidi ya mikuki na ngao. Watu waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu.

Oktoba 19 mwaka huohuo, kwa ndugu zetu Wanandi, Koitalel arap Samoei aliitwa kwa mazungumzo ya amani. Afisa anayeitwa Richard Meinertzhagen akampiga risasi hapohapo. Wanandi walikuwa wamewasumbua Waingereza tangu 1895, miaka kumi, wakivamia reli na kukata waya za simu. Sasa niambie, mtu amelala, unamwekea mtego wa nini?

Na haikuishia hapo. Kipchomber arap Koilegen, ndugu ya Koitalel, ndiye alikuwa Orkoiyot huku kwetu, yule kiongozi ambaye vijana hawakuenda vitani bila baraka yake. Mwaka 1914 alikamatwa akapelekwa Fort Hall, Murang'a ya leo, na akafia uhamishoni. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria kabisa ya kuwang'oa Watalai, ukoo wake. Watu kama 700, wazee kwa watoto, wakatupwa Gwassi kando ya ziwa, kwa malaria na mbung'o. Buda, serikali haitungi sheria nzima kwa sababu ya watu waliolala.

Na ardhi? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 hapa Kericho zilipewa maafisa wa jeshi la Uingereza walioumia vitani, ati walime kitani. Kitani kikawashinda, na miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Kwa hivyo nani alipokea blanketi? Nionyeshe risiti.

Hii dharau si yetu peke yetu. Mwaka 1903 Uingereza iliwaambia Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wachukue Uasin Gishu, hapa juu tu, kama vile ni shamba lake. Wakakataa 1905. Miaka arobaini hivi baadaye Wanazi wakawafungia Wayahudi wa Warsaw nyuma ya ukuta na kuwapeleka kuuawa kwa treni. Aprili 19, 1943, vijana wa rika letu, wengine wasichana, waliinuka na bastola na mabomu ya mkono. Walijua hawatashinda. Walipigana karibu mwezi mzima. Na bado, vita vilipoisha, walionusurika waliulizwa: mbona mlienda kama kondoo?

Swali ni lilelile, na kazi yake ni moja: kumtoa mwizi kwa hadithi na kumweka aliyeibiwa kizimbani. Ukishamfanya babu yangu mjinga, hakuna anayeuliza nani alishika bunduki.

Najua mtaniambia, "Lakini si wote walipigana." Kweli. Wengine walificha watoto. Wengine walihama, wengine wakaenda kufanya kazi kwa mzungu ili wale. Hao pia sitawacheka tena. Ardhi si zawadi ya mtu jasiri. Mwizi akiingia kwako usiku na bunduki, na wewe ukanyamaza ili watoto waishi, hiyo nyumba bado ni yako.

Na hii si stori ya kale. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2022 wazee wetu waliishtaki Uingereza kwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wazee wa umri huo, na sisi huku tunawatengenezea vichekesho. Kila tukisema "walilala," tunamsaidia wakili wa upande ule bure, bila hata kulipwa nauli.

Kwa hivyo wewe uko na simu na bando: kabla uchekeshe watu na jina la babu yako, kaa na mzee mmoja, mrekodi. Muulize walitolewa wapi, mto gani ulikuwa mpaka, nani hakurudi. Hao wazee wanaisha.

Ile vidio nimeifuta. Jumapili naenda kwa Kogo, na safari hii yeye ndiye ataongea.