Karai moja, haki mbili tofauti

KATIKA jimbo la Victoria, Australia, wapo watu ambao siku za mapumziko huchekecha mchanga wa mito kwa karai, au hupita vichakani na kifaa cha kutambua metali, wakitafuta dhahabu kwa kujifurahisha tu. Mwaka wa 2023, mmoja aliokota jiwe la kilo 4.6 lililokuwa na dhahabu ya takriban kilo 2.6.

Kibali chao hulipiwa ada ndogo na hudumu miaka 10. Mwenye nacho hutumia zana za mkono pekee, hufukia mashimo, na dhahabu huwa mali yake. Haki hiyo haikutolewa kwa hisani. Ilipatikana 1855, baada ya wachimbaji wa Ballarat kuasi mwaka wa 1854 wakipinga ada kubwa ya leseni.

Hapa nchini, karai kama hilo si burudani. Ni unga wa jioni kwa familia nyingi za Migori na Kakamega. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwatengea kibali. Hata hivyo, sheria haimfai asiye na kibali mkononi. Serikali haina budi kukifanya kiwe rahisi kupatikana, la sivyo jasho la mchimbaji litawanufaisha walanguzi.